Mabingwa wa Kuta za Moto Kwenye Wingu

Kila kampuni inayouza ukuta wa moto ina bango linalosema wake ndio wenye kasi kuliko zote. Yaweke mabango hayo pembeni, kisha tazama kuta hizo zinavyofanya kazi kwa makundi, yaani klasta, ndani ya wingu la umma la Amazon, Microsoft au Google. Utakuta rekodi za maana hazimo kwenye bango lolote. Kuna aliyengoja muda mrefu kuliko wote, kuna kundi kubwa kuliko yote, kuna hasara isiyosahaulika, na kuna mpaka mmoja ambao hata ukinunua mashine mia huuvuki.

Mzee kuliko wote

Juni 1991 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilipeleka kwa kampuni moja kubwa ya kemikali, mashariki mwa Marekani, mfumo uliojulikana kwa jina la DEC SEAL. Huo ndio unaohesabiwa kuwa ukuta wa moto wa kwanza kuuzwa kibiashara. Mwaka 1993 Gil Shwed, Marius Nacht na Shlomo Kramer walianzisha Check Point nchini Israeli, na bidhaa yao ya FireWall-1 ikaeneza wazo ambalo mpaka leo ndilo kiini cha mjadala wote huu: ukuta unaokumbuka. Kuta za kuchuja paketi zilizotangulia ziliipokea kila paketi kama mgeni asiyejulikana. Ukuta wa aina mpya ukawa kama askari wa getini mwenye daftari. Aliyetoka asubuhi ameandikwa, akirudi jioni anafunguliwa bila maswali. Asiyeandikwa anabaki nje.

Daftari hilo ndilo linalowatesa watu. Ukiwa na askari mmoja hakuna shida. Weka wawili kwenye mageti mawili, kila mmoja na daftari lake, na aliyetokea geti la kaskazini akarudia la kusini atalala nje.

Dawa ya kwanza ilikuwa kumweka askari mmoja kazini na mwenzake pembeni akinakili. Mwaka 1998 zilichapishwa itifaki mbili za kupokezana zamu, HSRP ya Cisco na VRRP iliyokusudiwa kutumiwa na kampuni zote. Waandishi wa mfumo endeshi wa OpenBSD walileta pfsync mwaka 2003, ya kunakili daftari kutoka ukuta hadi ukuta, na mwaka 2004 wakaongeza CARP, ya kupokezana anwani. Mimi naihesabu hiyo kuwa klasta ya heshima kuliko zote za zama zile. Ni ya bure, msimbo wake u wazi kwa kila mtu, na ilizaliwa kwa hasira: Cisco ilidai kuwa na hataza inayoigusa VRRP, nao wakaamua kuandika ya kwao. Waliponyimwa namba rasmi ya itifaki, walijichukulia namba 112, ileile ya VRRP. Mpaka leo wapo wanaoziendesha zote mbili kwenye mtandao mmoja na kushangaa kwa nini vifaa vinagombana.

Kungoja kurefu kuliko kote

Mbinu ya VRRP na CARP ni kelele. Aliye kazini hutangaza kila sekunde moja kwamba yu hai. VRRP hutumia anwani ya multikasti 224.0.0.18. Matangazo matatu yakipotea, aliye pembeni huchukua nafasi na kuzitangazia swichi zote kuwa anwani ile sasa ni yake. Sekunde tatu na ushee, kazi imekwisha, na mteja aliyekuwa anapakua faili pengine hajagundua kitu.

Amazon ilifungulia umma huduma ya EC2, ya kukodisha mashine pepe, Agosti 2006, na Agosti 2009 ikaleta VPC, mtandao binafsi wa mteja ndani ya wingu. Ndani ya VPC hakuna swichi ya kupigiwa kelele. Mashine pepe ikiuliza nani mwenye anwani fulani, swali halimfikii jirani. Linajibiwa na mfumo wa Amazon wenyewe, ulio chini ya mashine hiyo, ambao tayari una ramani ya nani yuko wapi. Ukijitangaza kuwa umerithi anwani ya mwenzako, hakuna anayesikiliza. Hata multikasti haikupatikana hadi Desemba 2019, tena kwa kupitia Transit Gateway tu. Kwa hiyo ukuta wa moto uliohamishwa kutoka chumba cha seva, pamoja na ujuzi wake wote wa kupokezana zamu, uliingia kwenye wingu ukiwa bubu.

Wingu halikufanya hivyo kwa ubaya. Mtandao unaobeba wateja wengi kwa pamoja hauwezi kumruhusu kila mmoja apayuke na kudai anwani anayoitaka. Huo ungekuwa mlango wazi kwa wezi. Lakini matokeo yake ni kwamba tangu VPC ya Agosti 2009 hadi tarehe 10 Novemba 2020, Amazon ilipotangaza Gateway Load Balancer, huduma ya kugawa trafiki kwa kuta za moto, wahandisi waliishi kwa viraka zaidi ya miaka kumi na moja.

Viraka hivyo vinastahili kukumbukwa. Kilichoenea zaidi kilikuwa nodi ya akiba, yaani ukuta ulio pembeni, kuipigia Amazon simu, yaani kuita API, na kuomba jedwali la njia libadilishwe au anwani ihamishwe. Ombi hilo husafiri, hukaguliwa ruhusa, hutekelezwa, kisha mabadiliko yasambae. Sekunde tatu za VRRP ziligeuka makumi ya sekunde, na siku mbaya zaidi ya hapo. Mwaka 2016 ukaja mtindo wa kuweka VPC moja katikati, ndani yake ruta mbili pepe za Cisco, na mahandaki ya IPsec kwenda kwenye kila VPC nyingine. Handaki moja la VPN upande wa Amazon lilikuwa na kikomo cha gigabiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo kampuni kubwa zilijikuta zimejenga barabara ya njia nane inayoishia kwenye kichochoro.

Kiraka cha tatu kiliitwa sandwichi: kisawazisha-mzigo, yaani kigawa trafiki, juu, kuta za moto katikati, kisawazisha-mzigo chini. Ili paketi inayorudi ipite kwenye ukuta uleule ilikotokea, ukuta ulilazimika kubadili anwani ya mtumaji na kuweka ya kwake. Hapo daftari lilipona, lakini seva zilizo nyuma zikawa haziwaoni tena wateja wao. Kila ombi, kutoka popote duniani, lilionekana kutoka kwenye ukuta. Aliyewahi kupekua kumbukumbu za seva akimtafuta mvamizi, akakuta anwani moja tu imejirudia mara milioni, anajua uchungu wake.

Microsoft ilitangulia hapa. Mwaka 2018 kisawazisha-mzigo cha daraja la Standard cha Azure, wingu lake, kilikuwa tayari na chaguo la HA Ports, linalogawa trafiki ya poti zote kwa mpigo na kutunza mtiririko mmoja kwenye nodi moja kwenda na kurudi, mradi ubaki kwenye kisawazisha-mzigo kimoja. Ukiweka kimoja cha nje na kimoja cha ndani, ulinganifu huo unavunjika na unarudi kwenye kubadili anwani. Gateway Load Balancer yao ilifika rasmi Julai 2022.

Bahasha nzito kuliko zote

Gateway Load Balancer ya Amazon hubeba paketi ya mteja ikiwa nzima ndani ya bahasha ya itifaki iitwayo Geneve, kwenye poti ya UDP 6081. Geneve yenyewe ilipata hati yake rasmi, RFC 8926, Novemba 2020, mwezi uleule bidhaa ilipotoka. Microsoft kwa upande wao walichagua VXLAN, iliyotangulia kuchapishwa mwaka 2014.

Tuifungue bahasha ya Geneve tuone kilichomo. Kichwa cha IP ni baiti 20, cha UDP baiti 8, na cha Geneve chenyewe baiti 8. Kisha zinafuata taarifa tatu za ziada zenye jumla ya baiti 32: paketi imetokea mlango gani wa VPC, imepitia kiunganishi gani, na alama ya mtiririko ambayo ukuta unapaswa kuirudisha kama ulivyoipokea. Jumla baiti 68. Paketi ya kawaida ya baiti 1,500 inaufikia ukuta ikiwa na 1,568, na kama kadi ya mtandao ya ukuta imewekwa kupokea 1,500 tu, paketi kubwa zitadondoka huku ndogo zikipita. Dalili yake huwachanganya watu sana: ping inajibu, ukurasa wa kuingia unafunguka, lakini faili kubwa linakwama asilimia sifuri.

Katika suala hili la ukubwa wa paketi, Amazon inashika nafasi ya juu kwa baiti 9,001 ndani ya VPC, namba ya ajabu ambayo kila mhandisi huidhania ni kosa la chapa anapoiona mara ya kwanza. Google iko upande wa pili: mtandao wake huanza na baiti 1,460 usipogusa kitu. Azure imekaa kwenye 1,500 iliyozoeleka. Klasta iliyosanifiwa kwa wingu moja na kunakiliwa hadi jingine bila kuangalia namba hizi itaumwa ugonjwa huohuo wa faili kubwa.

Kundi kubwa kuliko yote

Jozi ya kupokezana zamu ni klasta kwa jina tu; mmoja anafanya kazi, mwingine analipwa kukaa. Klasta ya kweli ni ile ambayo wote wako kazini na daftari ni la wote. Cisco ilianza nayo kwenye vifaa vya ASA mwaka 2012, na mwaka 2022 ikaipeleka kwenye kuta pepe ndani ya wingu: toleo 7.2 la Threat Defense Virtual kwa Amazon na Google, kisha 7.3 kwa Azure. Kikomo ni nodi 16.

Kuifuata paketi moja ndani ya kundi hilo ndiko kunakoonyesha ustadi uliomo. Mteja anaanza muunganisho kwa paketi ya SYN, na kisawazisha-mzigo kinaitupa kwa nodi ya 3. Nodi ya 3 inakuwa mmiliki wa muunganisho. Papo hapo inachukua anwani na poti za pande zote mbili, inazipitisha kwenye hesabu ya hashi, na jibu linaiambia kuwa msimamizi wa muunganisho huu ni nodi ya 7. Inaipelekea nodi ya 7 nakala ya maandishi ya daftari. Sasa jibu la seva linarudi, lakini kwa sababu yoyote ile linaangukia nodi ya 11, ambayo haijawahi kusikia habari za mteja huyu. Nodi ya 11 haihitaji kuwauliza wenzake kumi na watano. Inapiga hesabu ileile ya hashi, inapata namba 7, inaiuliza hiyo moja tu: mmiliki ni nani? Kisha inaisukumia nodi ya 3 paketi yake. Wakati mwingine hata swali hilo halihitajiki, kwa sababu nodi ya 3 ilikwisha kuficha jina lake ndani ya namba za mfuatano za TCP, na paketi ya SYN-ACK inarudi ikiwa na jibu mfukoni.

Nodi ya 3 ikizimika, nodi ya kwanza kupokea paketi inayofuata huchukua nakala kwa aliyeitunza na kuwa mmiliki mpya. Muunganisho unaendelea.

Mazungumzo yote hayo yanapita kwenye njia maalumu baina ya nodi. Kwenye chumba cha seva njia hiyo ilitegemea kelele za brodikasti. Kwenye wingu, kwa kuwa kelele zimekatazwa, kila nodi hupewa orodha ya anwani za wenzake na kuwaandikia mmoja mmoja ndani ya bahasha za VXLAN. Njia hiyo inatakiwa iwe na nafasi ya baiti 154 zaidi ya paketi za kawaida, 100 za klasta yenyewe na 54 za bahasha.

Rekodi ya 16 inapendeza mpaka ufike kwenye hesabu. Nyaraka za Cisco za klasta za ASA zilipokuwa changa ziliweka makadirio haya kwa uwazi ambao sijauona kwa washindani wengi: ukiunganisha vifaa, tegemea asilimia 70 ya kasi ya jumla yake, asilimia 60 ya idadi ya miunganisho, na asilimia 50 ya miunganisho mipya kwa sekunde. Baadaye makadirio ya kasi yalipanda hadi asilimia 80. Ukichukua ile 50 kama ilivyo, nodi 16 zinapokea wageni wapya kama nodi 8. Zilizobaki zinalipwa kuandika na kunakili. Na kuna kazi ambazo klasta hiyo haifanyi kabisa, kama VPN ya wafanyakazi walio mbali. Sioni aibu yoyote hapo. Kukumbuka kwa pamoja kuna gharama. Aibu ni ya muuzaji anayezidisha kasi ya nodi moja kwa 16 na kukuletea ankara.

Mpaka mgumu kuliko yote

Ndani ya Amazon, kwa mpangilio wa kawaida, mtiririko mmoja kati ya mashine mbili hauvuki gigabiti 5 kwa sekunde, isipokuwa mashine hizo zimewekwa pamoja kwenye kikundi cha karibu, ambapo hufika 10. Mashine yenyewe inaweza kuwa na kadi ya gigabiti 100 kwa sekunde, kama c5n.18xlarge iliyotoka Novemba 2018. Haidhuru. Klasta hugawa mitiririko baina ya nodi. Haiwezi kuupasua mtiririko mmoja vipande, kwa sababu ukuta unaokumbuka unahitaji kuuona wote. Anayehamisha hifadhidata nzima usiku kwa muunganisho mmoja atapata kasi ya nodi moja, hata klasta iwe na kumi na sita.

Bingwa asiye na daftari la pamoja

Google ina mfumo uitwao Maglev, ulioanza kazi mwaka 2008 na kuelezwa hadharani kwenye mkutano wa NSDI mwaka 2016. Ni kisawazisha-mzigo, si ukuta wa moto, lakini kinastahili nafasi hapa kwa sababu klasta nyingi za kuta ndani ya Google huishi nyuma yake. Mashine za Maglev hazipelekeani daftari. Kila moja hujenga jedwali lilelile la nafasi 65,537 kwa hesabu ileile, na kwa hiyo paketi ikiangukia yoyote kati yao jibu ni lilelile. Nodi moja ya nyuma ikifa, nafasi zake hugawanywa upya, na za wengine karibu zote hubaki zilipo. Namba 65,537 haikuchaguliwa kwa mapenzi. Ni namba tasa, na hesabu hiyo haifanyi kazi bila namba tasa.

Tabia ya kushangaza kuliko zote

Hii nimeiona ikiwashtua hata watu wazoefu. Nodi moja ya ukuta nyuma ya Gateway Load Balancer ya Amazon imekufa. Ukaguzi wa afya umeshagundua, na dashibodi ina alama nyekundu. Miunganisho mipya inapelekwa kwa walio hai. Je, ile ya zamani? Kwa mpangilio wa kawaida, inaendelea kupelekwa kwa maiti mpaka muda wake uishe. Kwa TCP muda huo ulikuwa sekunde 350 za kukaa kimya, na hadi mwaka 2024 hukuweza kuubadilisha.

Kuna mantiki yake. Ukihamishia muunganisho wa zamani kwa ukuta usio na daftari lake, ukuta huo utaukataa, hivyo Amazon iliona afadhali usubiri. Lakini kama kuta zako zinapeana daftari, unataka kinyume chake. Oktoba 2022 likaongezwa chaguo la kugawa upya mitiririko ya nodi iliyokufa. Ni swichi moja tu kwenye mpangilio, na huja ikiwa imezimwa. Kama una klasta inayonakili daftari na hujawahi kuigusa swichi hiyo, kunakili kwako kote ni kazi bure. Acha kusoma, nenda kaangalie, kisha urudi.

Hasara ya kukumbukwa kuliko zote

Julai 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kuwa taarifa za watu takriban milioni 106, milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada, zilichukuliwa kutoka kwenye hifadhi yake ndani ya wingu la Amazon. Mlango ulikuwa ukuta wa moto wenyewe. Ulikuwa ukuta wa kulinda tovuti, uliopangwa vibaya kiasi kwamba mtu wa nje aliweza kuutuma uulize anwani ya ndani, 169.254.169.254, ambako kila mashine ya Amazon hupata vyeti vyake vya muda. Ukuta ukauliza, ukajibiwa, ukamkabidhi mgeni vyeti. Na vyeti vile vilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha na kusoma mafaili ambayo ukuta haukuwa na haja nayo kabisa. Agosti 2020 wasimamizi wa mabenki wa Marekani waliitoza Capital One faini ya dola milioni 80.

Tukio hili halikuhusu klasta, lakini ndilo ninalolitaja kwanza kila ninapoulizwa juu ya klasta. Kumbuka vile viraka vya kuita API. Ili nodi ya akiba iweze kubadili jedwali la njia, lazima ipewe cheti chenye ruhusa hiyo. Ruhusa za mfano zinazozagaa kwenye miongozo mara nyingi ni pana, nyota mahali pa jina la rasilimali, kwa sababu mwandishi alitaka mfano ufanye kazi kwa kila mtu. Ukuta wenye nyota hiyo, ukivamiwa, unaweza kuelekeza trafiki ya kampuni nzima kokote mvamizi anakotaka. Upe ruhusa ya jedwali lile moja na kitendo kile kimoja, basi. Na Novemba 2019 Amazon ilileta toleo la pili la huduma ile ya vyeti, linalodai tokeni kwanza; lilazimishe kwenye kila nodi.

Mafuriko makubwa kuliko yote

Tarehe 24 Oktoba 2025 Azure ilizuia shambulio la terabiti 15.72 kwa sekunde lililoelekezwa kwenye anwani moja nchini Australia, likiwa na paketi takriban bilioni 3.64 kila sekunde, kutoka kwenye jeshi la vifaa vilivyotekwa liitwalo Aisuru. Kampuni ya Cloudflare kwa upande wake ilitangaza terabiti 22.2 mwaka huohuo, kisha 29.7. Hakuna klasta ya kuta pepe iliyojengwa kwa kazi hiyo. Daftari lingejaa kabla hujavuta pumzi. Mafuriko huzuiwa na mwenye wingu, ukingoni kabisa, na ukuta wako hushughulika na kilichopita. Muuzaji akikuambia vinginevyo, mwombe akuonyeshe akihimili hata sehemu moja ya mia.

Siku mbaya kuliko zote

Mbili zinashindania nafasi hii, zote kwenye kanda ya Amazon ya kaskazini mwa Virginia, ambayo ndiyo yenye maeneo mengi ya upatikanaji kuliko kanda zake nyingine: sita.

Tarehe 7 Desemba 2021 mtandao wa ndani wa Amazon ulizidiwa. Mashine zilizokuwa zikifanya kazi ziliendelea kufanya kazi, lakini API za kuanzisha mashine mpya na za kuuliza hali zikawa zinasuasua au kukataa. Fikiria klasta ambayo nodi yake ya akiba inategemea kupiga simu ile ya API siku ukuta mkuu unapoanguka. Simu haishiki. Mwenye klasta inayotegemea visawazisha-mzigo na daftari la pamoja hakuwa na haja ya kupiga simu yoyote.

Lakini visawazisha-mzigo navyo vina siku yao. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ilianzia kwenye DNS ya DynamoDB, huduma ya hifadhidata ya Amazon, ikasambaa hadi EC2, na baadaye mfumo unaokagua afya nyuma ya Network Load Balancer ukaanza kuziona nodi nzima kuwa mbovu, kisha nzima, kisha mbovu, ukiziondoa na kuzirudisha. Wahandisi wa Amazon walilazimika kuuzima uhamishaji wa kiotomatiki ili hali itulie.

Ukinilazimisha kuchagua, naipa Oktoba 2025 taji. Ya 2021 iliwaumiza waliotegemea API. Ya 2025 iliwagusa hata waliofuata ushauri wote.

Ghali kimyakimya

Data ikivuka kutoka eneo moja la upatikanaji kwenda jingine ndani ya Virginia, Amazon hutoza senti moja ya dola kwa kila gigabaiti kila upande, yaani senti mbili. Ni ndogo mpaka uizidishe. Gigabiti moja kwa sekunde, mfululizo kwa siku 30, ni gigabaiti 324,000. Kwa senti mbili ni dola 6,480. Hizo ni za kuvuka mtaa tu, na klasta iliyotandazwa kwenye maeneo matatu huvuka mara kwa mara, kwa trafiki yenyewe na kwa kunakili daftari.

Wingu lililo karibu kuliko yote

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kanda kubwa za karibu ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua zake Machi 2019, Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020, na Google Johannesburg Januari 2024. Upande wa Ghuba zipo Bahrain, tangu Julai 2019 kwa Amazon, na Falme za Kiarabu.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma siku mbili kwa sababu mtandao ulikuwa dhaifu. Klasta zilizokuwa Cape Town na Johannesburg hazikuwa na kosa lolote siku ile. Nodi zote zilikuwa na alama ya kijani, na daftari lilinakiliwa vizuri, ila wateja hawakuweza kufika getini. Anayejenga kwa ajili ya Afrika Mashariki na akaweka nodi zake zote kwenye kanda moja ya kusini, bila njia ya pili kupitia Mombasa kwenda Ghuba, amelinda kila kitu isipokuwa barabara.

Kwa hiyo kabla hujatia saini mkataba wa klasta, usiombe jedwali la kasi. Omba saa moja ya mchana, siku ya kazi. Anza kupakua faili kubwa, zima nodi inayolibeba, na uhesabu sekunde mpaka upakuaji uendelee au ukatike. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako.